Kiraka KB958644 cha Windows: dawa nzuri, ila haimtoi aliyekwisha kuingia

Windows XP bado ipo kazini: kwenye mashine ya kukata stika, kwenye kipimo cha maabara, kwenye mizani ya ghala, popote penye programu ambayo haikuandikwa upya kwa mifumo mipya. Mwenye mashine ya namna hiyo hana budi kukijua kiraka hiki, KB958644, faili dogo la kuziba kosa la usalama ndani ya Windows. Microsoft ilikitoa tarehe 23 Oktoba 2008, siku ya Alhamisi, bila kungoja Jumanne ya pili ya mwezi ambayo ndiyo siku yake ya kawaida ya viraka. Kilichowaharakisha ni kwamba mtu yeyote aliyeweza kuifikia poti (mlango wa mawasiliano ya mtandao) ya TCP 139 au 445 aliweza kuendesha programu yake ndani ya Windows 2000, XP au Server 2003 bila kuulizwa nywila.

Kosa lilikuwa ndani ya faili la netapi32.dll, linalotumiwa na huduma iitwayo Server, ile inayogawa mafaili na printa kwenye mtandao. Kazi ya kipande hicho ni kunyoosha njia za mafaili. Ukikipa \duka\mauzo\..\bei, kinafuta “mauzo” na kurudisha \duka\bei. Sasa kipe \duka\..\..\bei. Nukta mbili za kwanza zinafuta “duka”. Za pili hazina cha kufuta. Badala ya kukataa, programu inarudi nyuma herufi moja moja ikitafuta mkwaju (\), inapita mwanzo wa bafa (eneo la kumbukumbu lililotengewa maandishi hayo), inaendelea kuchakura kumbukumbu isiyo yake, na ikibahatika kuukuta mkwaju huko inanakili maandishi ya mgeni papo hapo. Kwa hiyo bafa hii hufurika kwa upande wa nyuma. Ndiyo maana ile alama ya ulinzi ambayo Microsoft huiweka upande wa pili wa bafa haikusaidia kitu: mwizi hakupita mlango uliowekewa kengele.

La kukera ni kwamba kipande hichohicho kilikwisha kutiwa kiraka Agosti 2006, kwa kosa jingine. Walikishona, wakaacha tundu pembeni.

Kukisakinisha ni rahisi. Faili la XP halifiki megabaiti moja, na ukiliita kwa /quiet /norestart linafanya kazi kimya, likiacha kumbukumbu yake kwenye KB958644.log ndani ya folda ya Windows. Lakini /norestart imewaponza wengi. Huduma ya Server inakaa ndani ya svchost.exe, programu ya Windows inayobeba huduma zake, na netapi32.dll ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Orodha ya viraka itakuonyesha kimeingia, ilhali mlango uko wazi vilevile.

Usiridhike na orodha hiyo. Fungua system32, bofya netapi32.dll kwa kitufe cha kulia, usome toleo: kwenye XP yenye SP3 (Service Pack 3, kifurushi cha tatu cha maboresho ya XP) linapaswa kuwa 5.1.2600.5694 au la juu zaidi. Wala usikiamini peke yake kichunguzi cha mtandao. Conficker, mnyoo (programu haribifu inayojisambaza yenyewe) ulioanza kuenea Novemba 2008 kupitia tundu hilihili, ukishaingia huliziba wenyewe kwenye kumbukumbu ili wengine wasiufuate. Kichunguzi kinapiga hodi, kinaona pamezibwa, kinaandika “salama”, kumbe mwenye nyumba amebadilika. Zaidi ya hayo, vipimo vingine vya tundu hili huweza kuiangusha huduma inayopimwa, kwa hiyo usipime saa za kazi.

Hapo ndipo kiraka kinapopoteza alama kwetu. Tunakipa 4 kati ya 5. Hakisafishi chochote. Mashine ambayo Windows Update imejizima, tovuti za antivirasi hazifunguki lakini nyingine zinafunguka, na akaunti za watumiaji zinajifunga bila sababu, imekwisha kuambukizwa. Anza kwa kuchomoa waya wa mtandao, kisha safisha, tia kiraka, washa upya, hakiki toleo, ndipo urudishe waya. Ukianza na kiraka, mnyoo utabaki ndani ukibahatisha nywila za majirani.

Mafaili yapeleke kwa CD iliyochomwa kwenye mashine safi. Flashi ni njia nyingine ya mnyoo huu tangu toleo lake la pili, la mwisho wa Desemba 2008, na KB958644 haina habari na flashi. Ongeza KB967715, kiraka kinachorekebisha uzimaji wa AutoRun (kujifungua kwa vitu vinavyochomekwa), kisha kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, weka NoDriveTypeAutoRun kuwa 0xFF, ili kisijifungue kitu chochote kinachochomekwa.

XP yenye SP1 hukikataa kiraka. Inataka SP2 au SP3. Ikiwa programu ya mashine haivumilii kupandishwa, zima huduma yenyewe:

net stop lanmanserver /y
sc config lanmanserver start= disabled

Nafasi iliyo baada ya alama ya = ni ya lazima; ukiisahau, sc itakumwagia maelezo ya matumizi na haitabadilisha kitu. Computer Browser, inayoitegemea Server, itazimika pamoja nayo. Baada ya hapo mashine haitaweza kugawa folda wala printa yake, lakini yenyewe bado itafungua folda za wengine. Kwa mashine ya kukata stika, inayovuta michoro kutoka kompyuta ya ofisini, hakuna kitakachopungua.