"Sevisi kamili" ya bodaboda, Chang'ombe Dodoma: unalipia nini hasa?

Kibao cha gereji hii kina neno moja: SEVISI. Uliza linamaanisha nini, kila fundi atakujibu lake.

Si kosa lao peke yao. Kwa Kilatini servus ni mtumwa, servitium ni utumwa. Neno likapita kwa Wafaransa, Waingereza wakalichukua baada ya Wanormani kuwatawala mwaka 1066, wakalitwisha kila mzigo: ibada ya kanisani, jeshi, seti ya vyombo vya chai, mpigo wa kuanzisha tenisi, mwisho matengenezo ya magari. (Kiswahili nacho kimetoa mtumwa na mtumishi katika "tuma" ileile, na mji huu umejaa watumishi.) Gereji nyingi neno limesinyaa: sevisi ni kumwaga oili, basi.

Oili hapa wanaimwaga vizuri. Injini inanguruma dakika 3 hadi 5 kwanza, ili oili ya moto ishuke na uchafu wake. Washa (pete ya kuzibia) ya nati ya kumwagia oili inakaguliwa, kisha inaingia takribani lita 1 ya oili ya 20W-50 (namba ya uzito wake) kwa pikipiki za cc 125 na 150. Kijiti cha kupimia oili kinasomwa pikipiki ikiwa wima; ikilalia stendi ya pembeni kinadanganya. Cheni nayo wanaiweka sawa: mlegeo wa sentimita 2 hadi 3, ukipimwa pale inapokaza zaidi.

Kwenye chujio cha hewa ndipo wanapoharibu. Wanaligonga kwenye tairi! Kwa vumbi la kiangazi cha Dodoma hiyo ni hasara. La karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ukipuliza kutoka nje, vumbi linazama. Chujio likichanika, vumbi linasaga ringi na silinda, pikipiki inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. La sponji huoshwa, hukamuliwa bila kusokotwa, likikauka hupakwa oili kidogo.

Kwenye tapeti (nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali) pia wanakosea: wanazipima baada ya oili, injini ingali moto, wakati kipimo cha kiwandani ni cha injini iliyopoa. Tapeti zikikazwa mno vali hazifungi sawasawa, na asubuhi utapiga kiki mpaka uchoke.

Kwa hiyo usiagize "sevisi". Taja oili, chujio, plagi (mwanya milimita 0.6 hadi 0.8), cheni, kila kimoja na bei yake. Ukitaka tapeti, iache pikipiki pale jioni, wazipime alfajiri kabla haijawashwa.