Alasiri ya maonyesho ya wanafunzi Eastlands: kiingilio cha shilingi 300 kinachostahili kulipwa

Kwa shilingi 300 kwa mtu mzima na shilingi 100 kwa mtoto, shule moja ya upili ya Eastlands, jijini Nairobi, hufungua bwalo lake Jumamosi moja ya muhula wa kwanza na kuwaonyesha wazazi na majirani kazi ambazo wanafunzi wameziandaa kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, ambalo fainali zake huwa mwezi wa Aprili. Siitaji shule hiyo kwa jina kwa sababu wasanii wake ni watoto. Malipo hufanywa kwa M-Pesa langoni, na aliyelipa hupewa kikaratasi chenye orodha ya maonyesho, kiti cha plastiki na ruhusa ya kununua chai na mandazi kwa wanachama wa chama cha wanahabari cha shule, ambao hutumia faida hiyo kukodi maleba. Nimeyatazama maonyesho ya shule nyingi za jijini, na hii ndiyo ninayomshauri mtu aichague kwanza, ingawa ina kasoro mbili zinazohitaji kurekebishwa.

Sababu ya kuichagua iko kwenye mabenchi ya nyuma. Wanafunzi wasiokuwa na nafasi jukwaani, ambao ndio wengi, huketi kwa mabweni yao, kila bweni na rangi yake, na kabla ya pazia kufunguliwa huimba kwa kupokezana hadi mabati ya paa yakatetemeka. Kelele za namna hiyo zinapatikana katika kila shule yenye timu ya raga. Jambo ambalo sijaliona kwingi ni kwamba hapa kelele hizo hujua wakati wa kukoma. Kiranja aliinua mkono mara moja tu, na mamia ya vijana wakanyamaza kiasi kwamba tulisikia nyayo za msichana aliyekuwa akitembea peke yake kuelekea katikati ya jukwaa. Msichana huyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akighani shairi la mtu mmoja, alisahau mshororo katika ubeti wa tatu. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Ukumbi mzima ulimsubiri kwa utulivu, naye akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa ubeti na kuumaliza kwa sauti iliyokuwa na nguvu kuliko ile aliyoanza nayo. Hapo ndipo mabenchi ya nyuma yalipolipuka kwa vifijo. Ari ya shule huzungumzwa sana katika hotuba za siku ya wazazi. Kwangu mimi, ushahidi wake ni namna watoto wanavyomtazama mwenzao anapokuwa hatarini.

Kilele cha alasiri hiyo kilikuwa shairi lililoghaniwa na kundi la wanafunzi wapatao 40, kuhusu foleni ya maji mtaani. Watu wengi huidharau sanaa hii kwa kudhani kwamba ni watoto kusema maneno yale yale kwa pamoja. Kundi hili liligawanywa kwa uzito wa sauti: sauti nyembamba zilibeba wasiwasi wa wasichana wanaoamka alfajiri na mitungi, sauti za kati zikawa wauzaji wanaopandisha bei, na sauti nzito za wavulana zikawa mabomba makavu yanayokoroma bila kutoa kitu. Mshororo mmoja ulianzia upande wa kushoto, ukapita kinywa hadi kinywa, ukafika upande wa kulia ukiwa umebadilika kutoka ombi kuwa lawama. Walipumua pamoja, wakakatiza neno pamoja, na hakukuwa na mwalimu aliyesimama mbele yao kuwaongoza kwa mikono. Kazi ya namna hiyo haipatikani bila mazoezi ya miezi, na inadai kila mmoja azuie hamu ya kusikika kuliko jirani yake. Wazazi waliokuwa karibu nami, ambao foleni hiyo wanaijua kwa migongo yao, walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

Ngoma bunifu iliyofuata ilijengwa juu ya isukuti ya Waluhya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ilipendeza kuona vijana wa jamii mbalimbali wakitikisa mabega kwa ustadi uliowafanya wazee wawili wasimame vitini na kujiunga nao. Kwa bahati mbaya, shule ilikuwa imekodi mitambo ya sauti iliyowafaa watu wa harusi ya uwanjani, na fundi wake akaweka vipaza sauti mbele ya ngoma ambazo hazikuhitaji msaada wowote. Isukuti huenda kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo huchukuliwa kuwa baba, mama na mtoto, na utamu wake umo katika mazungumzo ya hao watatu. Tulichosikia ni baba peke yake akivuma. Maneno ya mwimbaji kiongozi, ambayo ndiyo yaliyobeba hadithi, yalipotea kabisa. Bwalo lenye sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti kwa ukali, kwa hiyo naisihi shule iizime mitambo hiyo wakati wa ngoma na kuiacha kwa mfawidhi pekee.

Mchezo wa kuigiza uliandikwa na mwalimu mlezi wa chama cha drama pamoja na wanafunzi wake, na hilo lina uzito wake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, kati ya mwaka 1955 na 1958, shule hiyo ilikuwa na desturi ya kuigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka, na fahari ya shule ilipimwa kwa namna wavulana wa Kiafrika walivyoyamudu maneno ya mshairi wa Uingereza. Leo wanafunzi wa Eastlands wanajiandikia mchezo kuhusu mama muuza mboga na mwanawe aliyefaulu mtihani, kwa Kiswahili cha mtaani kilichopimwa vizuri, na mwigizaji wa mama huyo alikuwa na uwezo wa kushika jukwaa lolote la jiji hili.

Kasoro ya pili, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi, ni kwamba mchezo huo uliwekwa mwisho, baada ya hotuba za wageni zilizochukua takriban saa nzima. Kufikia onyesho la mwisho giza lilikuwa limeingia, mawingu yamejikusanya, na kila mkazi wa Nairobi anajua nauli ya matatu inavyopanda mvua inapokaribia. Karibu nusu ya wazazi waliondoka. Yule msichana aliyeigiza mama alitoa maneno yake mazito kuliko yote mbele ya viti vitupu, jambo ambalo hakustahili hata kidogo. Hotuba zingeweza kufupishwa au kuwekwa baada ya mchezo, ili anayetaka kuzisikiliza abaki.

Mtaala wa umilisi sasa unaipa sanaa na sayansi ya michezo mkondo wake katika sekondari pevu, sambamba na sayansi na teknolojia na sayansi za jamii. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayekaribia Gredi ya 10 atapata hapa mengi ya kuona kuliko katika vijitabu vya shule. Mtoto wa shule ya msingi pia atafurahi, ila aketishwe mbele, kwa kuwa jukwaa ni la meza za bwalo zilizounganishwa na halionekani vizuri kutoka pembeni. Mlango hufunguliwa saa saba mchana. Anayefika baada ya saa nane husimama ukutani. Na kama uongozi wa shule utakubali ombi moja, basi shairi la maji na mchezo ule vipelekwe siku moja katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo kwenye Barabara ya Harry Thuku, ambako sauti husikika bila kurudi, na mimi nitalipa kiingilio mara mbili ya hicho.