Michoro iliyosahau unene wa boksi: tathmini ya seti ya kuundia R2-D2

Seti ninayoitathmini hapa ni ya michoro mitupu: karatasi 40 za ukubwa wa A4 ambazo mnunuzi huzipakua, huzichapisha, huziunganisha kwa gundi, kisha huzitumia kukatia boksi, ili mwishowe apate R2-D2, roboti mfupi mwenye kichwa cha kuba, wa kimo kilekile cha filamu ya Star Wars ya 1977, yaani mita 1 na sentimita 9 hivi. Muuzaji anaahidi kwamba vifaa vingine vyote ni vya kawaida na vya bei nafuu, na katika hilo hakusema uongo. Nilitumia maboksi ya friji, magazeti, karatasi za manila, gundi nyeupe, bunduki ya gundi, vipande vya bomba la plastiki kwa ajili ya miguu, msasa na makopo manne ya rangi ya kupuliza. Kazi ilinichukua majuma sita, na mawili kati ya hayo yalipotea kwa sababu ya kosa moja lililomo ndani ya michoro yenyewe.

Nianze na sifa, maana zipo. Karatasi ya kwanza ina mstari wa kupimia wenye urefu wa sentimita 10 kamili, na mtumiaji anaagizwa auwekee rula kabla ya kuchapisha karatasi nyingine yoyote. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini mashine nyingi za kuchapa hupunguza mchoro kimyakimya ili uenee ndani ya pambizo. Yangu iliutoa mstari ule ukiwa na sentimita 9.7, na kama nisingepima, roboti ingepungukiwa zaidi ya sentimita 3 za kimo na mabomba ya miguu, ambayo hukatwa kwa vipimo vilivyoandikwa, yasingekaa mahali pake. Alama za kuunganishia karatasi ni safi, na milango midogo ya mbele, matundu ya hewa na jicho kubwa vimepangwa kwa uangalifu wa mtu aliyeitazama roboti hiyo kwa muda mrefu.

Tatizo linaanzia kwenye mwili. Ndani yake kuna maduara matatu ya boksi yenye kipenyo cha sentimita 46, na juu yake huzungushwa kipande kimoja kirefu ambacho ndicho ngozi. Mchoro wa ngozi hiyo una urefu wa sentimita 144.5, ambao ndio mzingo sahihi wa duara la sentimita 46, ila ni sahihi kwa kitu kisicho na unene. Boksi langu lilikuwa na unene wa milimita 5. Boksi linapokunjwa kuzunguka duara, karatasi yake ya ndani hufanya makunyanzi, lakini ile ya nje haitanuki hata kidogo, na njia inayopaswa kupita ni ya duara la sentimita 47, yaani karibu sentimita 147.7. Nilipozileta ncha mbili zikutane mgongoni, palibaki pengo la kupitisha vidole viwili, nami nilikuwa nimekwisha kuyapaka gundi maduara yote matatu. Nikavuta. Boksi likapasuka mbele, kwenye mstari wa mlango ambao nilikuwa nimeuchora kwa kisu jioni nzima ya siku iliyotangulia. Nilimwandikia muuzaji kumweleza hesabu hiyo, naye akanijibu kwa upole kwa kunitumia upya faili zilezile.

Dawa yake ni nyepesi, na ingeweza kuandikwa katika sentensi moja: mtumiaji apime unene wa boksi lake, kisha apunguze kipenyo cha maduara ya ndani kwa unene huo mara mbili. Kwa boksi la milimita 5, maduara ya sentimita 45 huifanya ngozi ya sentimita 144.5 ikutane vizuri, na kipenyo cha nje hubaki sentimita 46, kama kuba la kichwa linavyotaka. Seti haisemi pia kwamba mifereji ya ndani ya boksi isimame wima. Ikilala, boksi huvunjika vipande vipande badala ya kupinda.

Kuba limeachwa yatima. Michoro inatoa vipande 12 vya umbo la ganda la chungwa, kila kimoja na urefu wa sentimita 36 na upana wa sentimita 12 chini, na kumwachia mtumiaji mengine yote. Kwa boksi nene, ncha 12 hurundikana kileleni na kufanya chuchu isiyofichika. Nilivikata upya kwa manila, nikaviunganisha kwa ndani, kisha nikabandika tabaka tano za vipande vya gazeti vilivyolowekwa katika gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, nikiacha kila tabaka ikauke kabla ya nyingine. Hata hivyo pembe 12 zilionekana mpaka nilipopiga msasa mara tatu, nikisugua kwa kuzunguka wala si kwa kushuka. Picha ya muuzaji inaonyesha kuba laini kama yai, lakini imepigwa kutoka mbali sana.

Kuhusu rangi, seti inapendekeza mapambo madogo yachongwe kwa povu jeupe la polistireni, lile linalofungiwa vyombo vya umeme. Haionyi kwamba vimumunyisho vya rangi nyingi za kupuliza hulila povu hilo. Nilipulizia bega moja na kulitazama likizama kama chumvi majini. Bega la pili nililifunika kwanza kwa gundi nyeupe, nalo likasalimika. Mtu asisumbuke mno kutafuta buluu kamili, kwani katika filamu ile ya kwanza, kwenye matukio ya vita vya angani, sehemu za buluu za R2-D2 huonekana nyeusi, kwa kuwa upigaji picha ulitegemea pazia la buluu lililowekwa nyuma ya vitu na kuondolewa baadaye kwenye picha, na buluu yoyote ya roboti ingeondoka pamoja nalo.

Kwa ujumla naipa seti hii nyota tatu kati ya tano: nne kwa mwili, ikiwa mnunuzi atayapunguza maduara, na mbili kwa kichwa. Namna ya kukizungusha kichwa haikutajwa popote. Mimi nilikata mfereji wa duara katika tabaka mbili za boksi, nikatia gololi 20 na kuliweka kuba juu yake. Linazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja, na gololi zinapogongana humo ndani hutoa mlio ambao sikuupanga, lakini sijauondoa.