Ubuntu au Linux Mint kwa kompyuta ya nyumbani Bukavu?

Kwa laptopu ya mitumba yenye RAM ya GB 4, kama zile nyingi tunazonunua hapa Bukavu, mimi naweka Linux Mint ya Xfce (muonekano wake mwepesi). Hii na Ubuntu ni mifumo endeshi ya bure, ya kutumia badala ya Windows. Sababu ya kwanza ni mega, yaani data ya intaneti. Faili ya kusakinisha Ubuntu 24.04 ina karibu GB 6; ya Mint 22 ni kama nusu yake, karibu GB 3. Tena Ubuntu huleta kivinjari cha Firefox kwa snap, mfumo wa kusakinisha programu unaojisasisha wenyewe nyuma ya pazia, na kifurushi chako kinaisha hujui kilipita wapi. Mint imeizuia snap tangu toleo la 20, mwaka 2020, na masasisho unayachagua wewe.

Ndani, hawa ni ndugu: Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, zote zina matunzo hadi 2029. Klavie ya AZERTY na Kifaransa zimo kotekote.

Ubuntu inashinda wapi? Mashine mpya, RAM ya GB 8 kwenda juu. Na Ubuntu Pro, huduma yake ya ziada ya masasisho ya usalama, bure kwa kompyuta 5 za mtu binafsi, inarefusha ulinzi hadi miaka 10.