Uzoefu wangu: kitambaa cha kumalizia maua 20 ya bibi yake mume wangu

Mwaka jana mama mkwe alinipa boksi la viatu lililofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na maua 20 ya vitambaa, kila ua lina petali 20 zilizounganishwa kwa mkono, katikati tundu. Ni mtindo ambao Wamarekani wanauita Dresden Plate. Mama yake aliyashona zamani, hakujaaliwa kuyamaliza. "Mikono yangu haiwezi tena," mama mkwe aliniambia. "Yamalize wewe."

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Kushona nimejulia kwetu, lakini mfarishi wa namna hii, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, sikuwahi kushona. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyerithi vipande vya zamani na sasa amesimama dukani mbele ya majora mia, hajui ashike lipi.

Kwanza nilitaka kujua nina nini mkononi. Petali nyingi zimetoka kwenye magunia ya pamba ya unga na chakula cha kuku. Kufikia miaka ya 1930 viwanda vilikuwa vinayachapa maua na mistari ili akina mama wayapende, maana gunia likishakwisha chakula, linageuka gauni la mtoto. Ukitazama pembeni mwa baadhi ya petali unaona msururu wa vitobo vidogo, mahali uzi wa kufungia gunia ulipopita. Kitambaa chake ni kizito kidogo, nyuzi zinaonekana. Hili ndilo lililoniongoza: kitambaa kipya lazima kilingane na kile cha zamani kwa uzito. Ukishonea petali nzito juu ya kitambaa chepesi, chini kutajikunja na kuvutika.

Kwa ajili ya usuli, yaani kile kitambaa ambacho maua yanashonewa juu yake, nilinunua robo yadi ya rangi nne za Kona Cotton, kitambaa cha pamba cha rangi moja cha kampuni ya Robert Kaufman: White, Snow, Ivory na Bone. Nilizibandika ukutani karibu na dirisha, nikaweka ua moja juu ya kila rangi, nikaziacha siku tatu. Taa za dukani zinadanganya, mwanga wa asubuhi haudanganyi. White ilinishtua. Dukani niliiona nzuri kuliko zote, kumbe nyumbani iliyafanya maua yaonekane machafu, kana kwamba hayajafuliwa. Bone iliyazeesha, na Ivory ilishindana na petali za njano. Snow peke yake iliyaacha yapumue. Ni nyeupe yenye joto kidogo, kama maziwa, na maua yaliyochujuka yakaonekana kama hivyo ndivyo yalivyokusudiwa.

Vipimo, kwa anayetaka kukata kama mimi: kitambaa hiki kina upana wa inchi 44 hivi, kwa hiyo unapata miraba miwili ya inchi 17 kwa upana. Miraba 20 inakula inchi 170, karibu yadi 4 na robo tatu. Nilinunua 6, zote kutoka jora moja, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Ukirudi baada ya miezi mitatu utauziwa jora lililotiwa rangi siku nyingine, na nyeupe hizo mbili hazitafanana. Kasoro yake ni kwamba kinasinyaa. Kipande changu cha inchi 20 kilitoka kwenye mashine ya kukaushia kikiwa inchi 19 na robo. Basi kifue kwanza. Maua yenyewe usiyafue yakiwa hayajashonewa, kingo zitafumuka zote.

Sasa kanga. Nilitamani sana vitovu vya maua viwe vya kisutu alichonipa mama yangu nilipoolewa, ili upande wangu nao uwemo. Nililowanisha kipande, nikakikandamiza kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Nyekundu ikatoka. Nikaroweka kwa chumvi na siki, dawa tulizofundishwa nyumbani, ikatoka tena. Halafu kile kitambaa ni chepesi, kingo za petali zilizokunjwa chini yake zilionekana wazi. Iliniuma, lakini kazi ya mikono ya marehemu siwezi kuihatarisha kwa wekundu utakaosambaa siku ya kwanza ya kufuliwa. Nimeacha. Vitovu ni vya njano ya siagi isiyo na maua, rangi ambayo wanawake wa zama zile waliipenda mahali hapo.

Vitambaa vipya vilivyochapwa kwa mifano ya miaka ya 1930 nilivijaribu pia, vile vya Aunt Grace vya kampuni ya Marcus Fabrics. Ni vizuri, rangi zake zimekaa sawa, na petali tatu zilizooza nimezibadilisha kwa hivyo. Ila sikuvitumia kwa pindo la nje. Vilikuwa vinafanana na petali mno hata jicho likakosa pa kupumzika. Pindo ni kijani hafifu kitupu.

Upande wa nyuma nilichagua muslini isiyopaushwa, na hapa nilipata furaha ambayo sikuitarajia. Nilipoigusa niliijua: ni marekani! Kile kile kitambaa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikipeleka Zanzibar enzi za Sayyid Said, aliyetia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na watu wetu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Upande wangu ulikuwemo kumbe, bila ya kanga. Lakini usinunue bila kukishika. Cha kwanza nilikiagiza mtandaoni kwa bei ya chini, kikaja kigumu kwa wanga, na baada ya kufuliwa kikabaki kama chandarua. Cha pili nilikifuata duka la Holmes County, huku huku Ohio, karibu saa moja na nusu kwa gari, cha upana wa inchi 108. Yadi 2 na nusu zilitosha bila kiungo hata kimoja.

Kona Snow naipa nyota 4 kati ya 5, na nyota moja nimeikata kwa ajili ya kusinyaa. Marekani ya Holmes County naipa 5.

Nimebakiza maua 6. Mama mkwe huja Jumapili, hukaa dirishani, ananitajia petali moja moja: hii gauni lake la shule, hii pazia la jikoni, hii aproni ya mama yake. Nayaandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha marekani nitakachokishonea nyuma, pembeni.