Injini ipi inunuliwe kwa Piper Cub ya robo? 20cc, 30cc au 50cc

Wanunuzi wengi wa ndege kubwa za rimoti huchagua injini kwa kutazama upana wa mabawa. Injini inabeba uzito, na mabawa mapana huipunguzia kazi, kwa hiyo iweke ndege kwenye mizani kwanza, ikiwa na betri, sevo (mota ndogo zinazosogeza usukani) na magurudumu yake yote. Hapa nachukua Piper J-3 Cub iliyojengwa kwa robo ya ndege halisi, inayopendwa sana na wanaohamia kwenye ndege kubwa.

Cub halisi ina mabawa ya mita 10.74, uzito wa juu wa kuruka ni kilo 553, na toleo lililoenea lina Continental ya nguvu za farasi 65. Kwa kipimo cha robo, mabawa yanakuwa kama mita 2.7. Uzito unagawanywa kwa 64 (4 x 4 x 4, kwa urefu, upana na kimo), tunapata kilo 8.6. Nguvu inagawanywa kwa 128 (64 x 2), kwa sababu ndege ya mfano, pamoja na kuwa nyepesi, huruka kwa nusu ya kasi. Inabaki nusu ya nguvu ya farasi mmoja! Injini ya petroli ya 20cc, kama DLE-20 (ya chapa ya DLE), hutoa takribani nguvu za farasi 2.5. Ukiambiwa Cub haitaondoka ardhini bila 50cc, mkumbushe mwenzako hesabu hiyo.

Nafasi ya kwanza: 30cc, petroli, mapigo mawili

Kama nguvu ya 20cc inatosha na kuzidi, kwa nini naitanguliza 30cc? Kwa sababu ya pua. Cub ina pua fupi na mkia mrefu, na ikifungwa injini nyepesi huelemea nyuma. Hapo utalazimika kugandisha vipande vya madini ya risasi mbele, uzito usiovuta chochote. DLE-30 ina uzito wa gramu 900 na ushei, dhidi ya 650 hivi za DLE-20. Tofauti hiyo ikikaa puani inafanya kazi ya risasi, na bado inakupa akiba ya nguvu.

Sababu ya pili ni propela. Propela ya mbao ya Cub halisi huwa na kipenyo cha karibu inchi 72, na robo yake ni 18. Injini ya 30cc huzungusha propela ya 18x8 (kipenyo inchi 18, na inchi 8 za kusonga mbele kwa mzunguko mmoja) bila taabu, hivyo ndege inaonekana sawasawa na inaruka polepole ukiwa umefungua mafuta nusu tu, kama Cub inavyotakiwa kuruka. Ukitaka kufunga maboya ya kutulia majini au kuvuta glaida, nguvu ipo.

Wa Nairobi wana sababu ya tatu. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko usawa wa bahari, na injini hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Jua kali likiongezeka, hupungua zaidi. Kumbuka pia kurekebisha sindano za kabureta ukitoka Mombasa kwenda bara, maana petroli itazidi hewa.

Ya pili: 20cc

Kwa aliye Dar es Salaam au Tanga, na ndege yake haivuki kilo 7, hii ni ununuzi mzuri kabisa. Ni nafuu, hainywi sana, na inazungusha propela ya inchi 16 au 17. Sogeza betri zote mbele kabisa kabla hujafikiria risasi.

Ya tatu: mapigo manne, 30cc hadi 40cc

Sauti yake ni ya ndege kweli, na kwa masikio yangu hakuna kinachoishinda. Saito ya Japani hutengeneza za petroli. Lakini bei iko juu sana, valvu zinahitaji kurekebishwa, na vipuri utaviagiza mbali.

Usinunue: 50cc

DLE-55 au DA-50 ni injini nzuri sana kwa ndege ya sarakasi ya mita 2.2 yenye kilo 7 au 8, inayotakiwa kupanda wima. Cub haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtetemo utalegeza skrubu na gundi za ukuta wa injini, na ukifungua mafuta yote, mabawa yaliyojengwa kwa safari za polepole yatabebeshwa mzigo ambao hayakuandaliwa.

Yoyote utakayochagua kati ya hizi, chukua ya petroli badala ya ile ya methanoli. Petroli na oili ya mapigo mawili vinapatikana kwenye vituo vingi vya mafuta. Kwa DLE changanya petroli 30 kwa oili 1. Muuzaji akupe pia egzosi, plagi ya akiba na kifaa cha cheche, na ununue swichi ya kuzima cheche kutoka kwenye rimoti. Bila swichi hiyo usiiwashe injini hata kwa majaribio, kwa kuwa propela ya inchi 18 hukata vidole.