Kutoka baiskeli nzito ya umeme kwenda nyepesi: ipi inafaa Unguja na Pemba

Baiskeli ya mlimani ya umeme yenye mota kubwa ina kilo 22 hadi 25. Ukiwa juu yake uzito huo huusikii, kwa sababu mota ya Nm 85 (nyutonimita, kipimo cha mvuto wa mota) inaubeba yenyewe. Utausikia ukishuka: unapoinyanyua kuiweka kwenye keria ya daladala pale Konde, unapoipandisha ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, unapoisukuma kwenye mchanga wa Vumawimbi na betri imeshakwisha. Kwa mtu wa visiwani hayo ni mambo ya kila wiki, na ndiyo maana naamini wengi wetu wenye baiskeli nzito tungefaidika kuhamia nyepesi, zile za kilo 17 hadi 20. Wengi, lakini si wote. Na nyepesi nazo zinapishana sana.

Vilima vyetu vinataka betri ya ukubwa gani

Tuanze na hesabu, maana hofu ya kwanza ya kila mtu ni betri ndogo. Baiskeli nzito nyingi zina betri ya Wh 625 hadi 800 (wati-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri). Nyepesi zina Wh 320 hadi 430, mara chache zaidi. Ukizitazama namba hizo peke yake utaona umepunjwa.

Sasa angalia ardhi yetu. Hakuna mahali Unguja wala Pemba panapofika mita 150 juu ya bahari. Pemba ina vilima vingi, lakini ni vifupi: unapanda, unateremka bondeni kwenye mpunga, unapanda tena. Kumpandisha mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 18 kwa mita 100 kunataka nishati ya Wh 25 hivi. Siku ngumu kweli, ya kutoka Chake hadi Wete kwa njia za mashamba na kurudi, tuseme vilima vyote vikijumlishwa vinafika mita 600. Hiyo ni Wh 150 hivi, na miguu yako inalipa nusu. Ongeza mchanga, matope, upepo wa kusi na umeme unaopotea ndani ya mota, uzidishe mara mbili sehemu ya mota, bado unarudi nyumbani na zaidi ya nusu ya betri ya Wh 400. Betri ya Wh 750 ina zaidi ya kilo 4 na imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopanda milima ya Alps kwa saa nzima bila kupumzika. Sisi tunaibeba bure.

Kuna faida nyingine ya betri ndogo ambayo watengenezaji hawaitangazi. Umeme ukikatika, betri ya kubebeka ya sola ya Wh 500 inaweza kuijaza karibu yote betri ya Wh 400. Ile ya 750 itaifikisha kama nusu tu.

Hata hivyo usidanganywe kwamba kupunguza kilo 6 kutakurahisishia kupanda. Wewe na baiskeli yako nzito mna kilo 99. Mkiwa kwenye nyepesi mna 93. Tofauti ni asilimia 6 tu, na mota nayo imepungua nguvu, kwa hiyo kilimani utafanya kazi zaidi kuliko ulivyozoea. Faida iko kwingine. Iko kwenye kona za njia nyembamba kati ya mikarafuu, baiskeli inapokufuata unapotaka. Iko kwenye mizizi na magogo ya Ngezi, unaponyanyua gurudumu la mbele kwa mikono yako. Na iko barabarani: baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hukata msaada wa mota kwenye kilomita 25 kwa saa. Njia ya Paje hadi Makunduchi ni tambarare na lami yake nzuri, utaipita kasi hiyo mara kwa mara, na kuanzia hapo unasukuma chuma kwa miguu yako. Za soko la Marekani hukata kwenye kilomita 32, kwa hiyo muulize muuzaji baiskeli ilitokea wapi.

Jipime kwa baiskeli uliyonayo

Kabla ya kutoa hata shilingi, funga msaada wa baiskeli yako kwenye ngazi ya chini kabisa, Eco, na uitumie hivyo wiki mbili. Usiguse Turbo, ngazi ya juu kabisa. Panda vilima vyako vya kawaida, jua la saa nane, baada ya mvua, ukiwa umechoka. Ukimaliza wiki mbili na bado unafurahia kutoka, nyepesi itakufaa. Ukijikuta kila kilima unatamani kubonyeza kitufe, baki na uliyonayo, utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Wapo ambao nawaambia moja kwa moja wasihame: mwenye mwili wa kilo 100 na zaidi, anayebeba mtoto au mzigo nyuma, anayevuta toroli, na anayeitumia kwa kazi ya kutembeza wageni siku nzima bila kujua atachaji wapi.

Mpangilio wangu

Nimezipanga kwa maisha ya hapa. Nimetazama mota inavyovuta kwenye udongo mwekundu uliolowa, betri inavyochajiwa, na uwezekano wa kupata kipuri miaka mitano ijayo. Mota hizi fundi wa mtaani hazifungui. Ikiharibika hubadilishwa nzima, kwa hiyo kampuni iliyo nyuma yake ni jambo zito kuliko rangi ya fremu.

Ya kwanza: zenye mota ya Bosch Performance Line SX. Ilitoka 2023 ikiwa na Nm 55. Ina uzito wa kilo 2 hivi, na betri yake ni ya Wh 400. Kinachoipa nafasi hii ni kwamba inaweza kutoa hadi wati 600 ukikanyaga haraka, nguvu inayokaribiana na za mota kubwa. Neno la kuzingatia ni haraka. Kwenye kilima chenye utelezi, mtu aliyezoea mota kubwa huweka gia nzito na kukanyaga polepole akisubiri abebwe. SX ukiifanyia hivyo itakuona mgeni na haitakupa kitu. Shusha gia mapema, kabla kilima hakijaanza, miguu izunguke upesi, utashangaa. Inatoa sauti ya kuzomea kasi hiyo ikipanda, na si kila mtu ataipenda. Ukitaka safari ndefu kuna betri ya nyongeza ya Wh 250 inayokaa mahali pa chupa ya maji. Bosch ni kampuni kubwa na mota zake zimefungwa kwenye baiskeli za watengenezaji wengi, kwa hiyo vipuri vyake ndivyo ninavyoviamini zaidi. Uliza tu kama betri ya fremu unayoitaka inatoka. Nyingine zimefungiwa ndani.

Ya pili: Orbea Rise, khasa ile ya fremu ya alumini yenye betri ya Wh 540. Orbea walichukua mota ya Shimano EP8 yenye Nm 85 wakaipunguza hadi Nm 60 ili itumie umeme kidogo na ikubali miguu ya mtu. Matoleo ya kuanzia 2024 yamerudishiwa Nm 85, na betri zake ni Wh 420 au 630. Hii ndiyo ya mtu anayeogopa kuhama moja kwa moja, kwa sababu mvuto wake unafanana na ule uliouzoea. Kasoro yake ni kwamba betri haitoki kirahisi. Ukikaa ghorofani na soketi iko juu, baiskeli nzima inapanda na wewe kila jioni.

Ya tatu: zenye Fazua Ride 60, lakini zile tu zenye betri inayochomoka, kama Transition Relay au Haibike Lyke. Nm 60, wati 450 kwenye kilele, betri ya Wh 430. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe na Ng'ambo ningeipandisha hadi ya kwanza. Unachomoa betri ya kilo 2 na kidogo, unaichaji ndani karibu na kitanda, na baiskeli inabaki uani imefungwa mnyororo. Relay unaweza hata kuiendesha bila betri kabisa kama baiskeli ya kawaida. Imekaa ya tatu kwa sababu ya ukubwa wa kampuni: Fazua ilinunuliwa na Porsche 2022, na mota zake hazijaenea kama za Bosch au Shimano. Pata jawabu la maandishi kuhusu vipuri kabla ya kulipa.

Ya nne: Trek Fuel EXe yenye mota ya TQ HPR50. Nm 50, wati 300, betri ya Wh 360. Ndiyo yenye ukimya kuliko zote, na hilo mimi nalithamini sana. Ukipita vijiji vya pembeni mwa Jozani, pale barabara ilipowekwa matuta ili magari yasiwagonge kima punju, unawasikia juu ya miti kabla hujawaona. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ya nguvu. Kwa mtu mwepesi mwenye mazoezi ingepanda nafasi mbili.

Ya tano: Specialized Turbo Levo SL. Ya 2020 ina Nm 35 tu na wati 240. Ya 2023 ina Nm 50 na wati 320. Betri zote mbili ni Wh 320 na zimo ndani ya fremu. Ndiyo utakayoipata kwa wingi ikiwa imeshatumika, na bei itakuvutia. Ile ya 2023 ni baiskeli nzuri. Ya Nm 35 usiinunue ukitokea kwenye Nm 85, utaiona haisaidii kitu.

Nje ya mpangilio kuna Amflow PL yenye mota ya DJI Avinox, iliyotoka 2024: Nm 105, betri ya Wh 800, na uzito wa karibu kilo 20. Imevunja mpaka wa nzito na nyepesi. Mwenye mwili mkubwa anayetaka kupunguza uzito bila kupoteza nguvu aitazame hii kwanza.

Tairi na chumvi

Uzito unaotangazwa dukani ni wa baiskeli ya bei ghali kabisa, bila pedali, ikiwa na tairi nyembamba. Tairi hizo kwenye mawe ya matumbawe ya Kizimkazi na Makunduchi hazimalizi mwezi. Jiwe halitoboi katikati, linachana ubavuni, na mchaniko wa ubavuni hauzibwi kwa kiraka cha kawaida. Tia tairi zenye ubavu mnene siku ya kwanza, hata kama zinaongeza nusu kilo kila moja. Ukitumia tairi zisizo na tyubu, ile gundi ya maji ndani hukauka upesi kwa joto letu. Iangalie kila baada ya miezi miwili.

Usipite kwenye maji ya bahari, hata ya kifundoni. Maji ya chumvi yakiingia kwenye beringi za mota ndiyo mwisho wake. Ukitoka pwani mwagia maji ya kisima taratibu, bila presha, ifute, na upake grisi kwenye skrubu za chuma zilizoingia kwenye alumini. Betri usiichaji ikiwa ya moto kutoka juani. Iache ipoe kivulini. Ukisafiri mwezi mzima iache ikiwa nusu.

Kuileta hadi hapa

Mpya nyingi zinavuka dola 5,000 kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo pata makisio ya ushuru kutoka mamlaka za mapato, TRA ya Tanzania na ZRA ya Zanzibar, kwa maandishi kabla hujaagiza. Betri ya baiskeli haipandi ndege ya abiria: kikomo ni Wh 160, tena kwa ruhusa ya shirika la ndege. Maana yake mzigo wako kwa kawaida utakuja kwa meli, na wakala lazima aitangaze betri kama bidhaa ya hatari. Anayekwambia atakuchomekea kwenye sanduku la nguo mkatae.

Kama unanunua iliyotumika, taka mambo mawili kwa muuzaji. Kwanza karatasi ya dukani inayoonyesha afya ya betri na mara ngapi imechajiwa. Pili, aiondoe baiskeli kwenye akaunti yake ya programu ya simu mbele yako, au kwa simu ya video kama yuko nje, kwani baadhi ya mifumo haitakuruhusu kuisajili mpaka mwenyewe wa mwanzo aiachie.

Ile nzito usiiuze kabla mpya haijafika mikononi. Ikifika, muuzie mtu mwenye kazi ya kubeba, na umkabidhi chaja yake ya asili pamoja na funguo zote mbili za betri.